Sobrinha ni Mpwa wa Nani?

Saluni yangu inatazamana na lango la uwanja wa mpira wa Umbuense, na mimi ni mbea. Nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu hayatengani. Mtu akikaa kwenye kiti changu, kichwa kimelowa na shuka limemfunga shingoni, hana pa kwenda, na mkasi ninao mimi. Kwa njia hiyo nimeyajua mengi ya mji huu wa Serra do Umbu: nani anapaka nywele rangi akisema ni zake, nani kamkimbia mke, na padre wetu ni shabiki wa timu gani hasa anapojifanya hana timu. Jambo moja tu lilinishinda tangu utotoni. Sikujua Sobrinha ni mpwa wa nani.

Sobrinha ni yule mshambuliaji. Jina la ubatizo ni Edilma Cordeiro, lakini ukimtaja Edilma hata jirani yake wa ukuta mmoja atakuuliza Edilma yupi. Mchezaji wa mpira mama yake humpa jina la kuandikia shuleni tu. Jina lenyewe hupewa na uwanja, na likishamganda halibanduki. Sasa kuna majina hayana maswali. Ukimwita mtu Kipara, ukimtazama umeelewa. Lakini sobrinha kwa Kireno chetu ni mpwa, binti wa dada yako, na mpwa lazima awe wa mtu. Na Dona Lindalva, mama yake Edilma, alizaliwa peke yake, hana kaka wala dada. Mjomba atoke wapi?

Wajomba hawakukosekana, lakini. Edilma alipoanza kuonekana kwenye televisheni walichipuka kama uyoga baada ya mvua. Damião wa buchani alisema yeye na Lindalva walinyonya ziwa moja. Dereva wa basi la Recife alisema ni yeye aliyempeleka, kwa hiyo ni mjomba wa njiani. Na juu yao wote alikuwa Mzee Genival, mwenyekiti wa klabu ya Umbuense, ambaye zamani alikuwa kocha wa watoto. Yeye hakusema barabarani, alisema redioni: "Yule ni mpwa wangu. Mimi ndiye niliyemtoa." Aliyasema mara nyingi mpaka mji ukachoka kubisha.

Mimi nilibisha kimoyomoyo, maana nilikua naye Edilma. Tulicheza kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya machinjio, tai wamejipanga ukutani wakingoja utumbo. Mimi nilikuwa kipa. Kipa akiachia mpira mwepesi ukampita, watu husema amekula kuku; mimi nilikula wengi mpaka wakaniita Banda la Kuku. Magoli ya kwanza ya Edilma yote yalitoka mikononi mwangu. Wengine wanapiga, mimi nadaka, mpira unaniponyoka, na yeye tayari yupo pale, anausukuma kwa goti au kwa ugoko au kwa chochote alichonacho. Kwa hiyo nami nadai sehemu yangu. Mwenye kumfundisha kufunga ni mimi, kwa mikono yangu inayovuja.

Halafu mwaka ule tulipokuwa na miaka kumi, niliugua matubwitubwi nikafungiwa ndani. Nilipotoka, kiwanja cha vumbi kilikuwa kimepungua mtu mmoja. Edilma alikuwa ng'ambo, kwenye majani ya kijani ya Umbuense, akicheza na wavulana, na wavulana wanamwita Sobrinha. Msichana kwenye uwanja ule! Nilishika uzio nikamwita.

"Wewe! Umekuwa mpwa wa nani?"

Alicheka akakimbia zake. Na hivyo ndivyo alivyoendelea kunikimbia miaka yote iliyofuata.

Alikimbia mbali, lazima niseme. Alipanda basi la Recife akiwa na miaka kumi na mitano, na mkoba wa kitambaa alioushona mama yake. Kutoka Recife akaenda São Paulo, kwenye klabu iliyowalaza wasichana chini ya majukwaa na kuwapa jezi za wanaume zilizochoka; asubuhi aliuza mikate, jioni akafanya mazoezi. Kisha Uswidi, kwenye theluji, ambako alinipigia simu akasema ameonja viazi vya kila namna na sasa anaweza kufa. Wazungu wale waliandika Sobrinha mgongoni mwake wasijue wameandika nini. Kisha akavaa jezi ya njano ya taifa. Huko nako alianzia benchi. Nadhani hakuna mshambuliaji aliyekaa benchi sana kama yeye akafunga sana kama yeye, maana alikuwa akiingizwa dakika za mwisho, miguu ya wenzake imekufa, na kipa wa upande wa pili amechoka kudaka.

Hapo ndipo yeye alipokuwa nyumbani. Magoli yake yalikuwa mabaya, jamani! Hakuna goli lake hata moja unaloweza kumwonyesha mtoto ukasema piga hivi. Mwenzake anapiga shuti la kupendeza, kipa analitema, na Sobrinha anatokea sijui wapi na kuumalizia mpira kwa kisigino, kwa paja, mara moja kwa mgongo. Mtangazaji mmoja alilalamika kabisa: "Huyu alikuwa wapi?" Siku timu ya taifa ilipocheza robo fainali, mji mzima ulikuwa saluni kwangu, maana nilikuwa na televisheni kubwa. Kipa wa wapinzani wetu alikuwa jitu, mikono kama makasia, na alidaka kila kitu. Dakika ya mwisho mpira ukamtoka kidogo tu, kiasi cha kiganja, na mguu ukapita pale. Tulipiga kelele mpaka mteja wangu mmoja akasahau dawa kichwani, nywele zikamtoka. Sikumlipisha.

Lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini? Goti likaharibika, likafanyiwa upasuaji, likaharibika tena. Dona Lindalva akaugua. Sobrinha alirudi nyumbani kumuuguza, akamzika, na badala ya kuondoka akabaki. Siku moja nikamwona anapita mbele ya dirisha langu na kundi la wasichana, mpira kwapani, wanaelekea machinjioni.

Huko ndiko walikokuwa wakifundishwa wakati huo ninaousimulia. Tai ni wale wale, au watoto wao. Mtoto akianguka anachubuka na vumbi lile lina damu ya ng'ombe, wazazi wananung'unika, na kila mwezi wasichana wawili watatu hawarudi. Sobrinha alikwenda klabuni akaomba uwanja Jumamosi asubuhi. Akaambiwa Jumamosi inatakiwa na timu ya maveterani: wanaume wenye vitambi wanaocheza nusu saa na kuchoma nyama nusu siku.

"Wasichana wakiondoka tena wawili sina timu," aliniambia. "Nikikosa majani mwaka huu, Vania, nimeshindwa."

Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo, hata goti lilipovunjika.

Ikafika Juni. Mahindi yamekomaa, kila nyumba inanuka mahindi ya kuchoma, na klabu ilikuwa imejenga jukwaa jipya la kukalia watu. Wakaamua kuliita kwa jina la Sobrinha na kulizindua Jumapili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Jumamosi yake alikuja kutengenezwa nywele. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemwosha, Mzee Genival akaingia, kofia mkononi, anajipepea.

"Vania, hujambo? Naona umemshika mpwa wangu."

"Sijambo, Mzee. Nimemshika, hatoki."

Akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Kwa haki ya Mungu, si mtu mbaya yule mzee. Ni mtu wa kujipenda tu, na mwaka huo alikuwa anagombea udiwani.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kesho nakupa kipaza sauti. Sitaki hotuba. Sema tu: namshukuru mjomba wangu Genival, aliyenileta uwanjani. Basi. Na mimi papo hapo, mbele ya watu wote, natangaza Jumamosi asubuhi ni ya wasichana. Mwaka mzima. Miaka yote!"

"Na nisiposema, Mwenyekiti?"

"Utasema." Alicheka. "Kwa nini usiseme? Si kweli?"

Akatutakia siku njema akatoka. Mimi nikaenda mlangoni, nikageuza kibao upande wa 'Tumefunga', nikarudi na mkasi.

"Shoga, leo hutoki," nikamwambia. "Hata kama nitakata nywele zote ziishe. Si kweli, au kweli? Wewe ni mpwa wa nani?"

Alinitazama kwenye kioo. Alikuwa na uchovu ambao sikuuzoea.

"Uape hutasema."

"Naapa kwa Mtakatifu Antônio."

"Huyo ni mtakatifu wa kutafutia wachumba."

"Ndiyo maana siwezi kumkosea. Natafuta mume wa pili. Sema!"

Akasema. Ilikuwa siku ya majaribio ya watoto pale Umbuense, ile ambayo huitwa chekecheke, maana wanamwaga watoto uwanjani na kuona nani anabaki juu. Mimi nilikuwa kitandani, mashavu kama maboga. Yeye alikwenda peke yake na kusimama katikati ya wavulana. Wakapangwa wawili wawili, mmoja huku mmoja kule. Ikawa witiri. Akabaki mmoja, akawa yeye.

"Mzee Genival ana kipenga mdomoni," alisema. "Msaidizi wake akamuuliza, na huyu tumweke wapi? Mzee hata hakunitazama. Akafanya hivi."

Akatoa mkono chini ya shuka, akaupunga kwa mgongo wa vidole, mara mbili, kama mtu anayefukuza inzi sahanini.

"Akasema: huyo ni sobrinha tu. Akaokote mipira nyuma ya goli."

Mkasi ulisimama mkononi mwangu. Maana sobra ni kinachobaki: wali wa chini ya sufuria, kipande cha kitambaa baada ya gauni kukatwa. Na hicho kilichobaki ukikidogosha, ukakiita sobrinha, umesema kisazo, kakombo kasikofaa hata kuwekwa kando. Mpwa na kisazo, neno ni hilo hilo moja, herufi kwa herufi. Linalochagua ni sikio.

"Kwa hiyo wewe si mpwa wa mtu yeyote," nikasema polepole.

"Mimi ni makombo, Vania." Akacheka, kisha akaacha. "Lakini wavulana walikuwa mbali. Walisikia 'sobrinha' tu, wakaona naingia kuokota mipira ya klabu. Wakaambiana: tazameni, mpwa wa kocha! Sasa nani atamnyima mpira mpwa wa kocha? Juma lililofuata mmoja alikosekana, wakaja kunivuta nyuma ya goli. 'Njoo, Sobrinha, cheza, usije ukatusemea kwa mjomba wako.'"

"Na mzee?"

"Alikuwa ameshasahau siku hiyo hiyo. Nilipoanza kufunga, watu wakampa mkono: hongera, mpwa wako ni moto. Mtu akipongezwa hakatai. Nadhani alijiuliza siku mbili tatu ni dada yake yupi, halafu akaacha."

"Na wewe kimya."

"Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa kwenye majani, Vania. Wewe ungesema?"

"Mimi? Mimi ningemwita babu kabisa."

Tulicheka mpaka maji ya nywele yakamwingia masikioni. Halafu likanijia swali jingine, maana mbea akipewa kidole hutaka na kiganja. Nikamuuliza alikuwa anajuaje mpira utaangukia wapi. Dunia nzima ilijiuliza.

"Si nilikuwa nyuma ya goli," akasema. "Wengine wote walijifunza mpira wakiwatazama washambuliaji. Mimi nilitazama migongo ya makipa. Kipa anayeogopa viwiko vinafunguka kabla mpira haujafika. Anayejiamini sana huruka mapema. Ukitazama kutoka nyuma, unaona kabla yeye mwenyewe hajajua. Wewe ulikuwa unafumba jicho la kushoto, na mpira ulikuwa unaangukia kushoto."

"Siku zote hizo! Na hukuniambia!"

"Nikuambie ili nifunge wapi?"

Baada ya kicheko hasira ikanipanda. Akutukanaye hakuchagulii tusi, sawa, lakini kutukanwa na mtu halafu utakiwe kumshukuru kwa kipaza sauti? Nikamwambia kesho amvue nguo yule mzee mbele ya mji wote.

"Nikimvua nguo, Jumamosi inakwenda kwa vitambi."

"Basi mwite mjomba. Neno moja! Umeshaishi nalo miaka yote hii, linakuchoma nini leo?"

Alijifuta maji masikioni. Nikaanza kuzikausha nywele upande mmoja.

"Zamani nilikaa kimya kwa ajili yangu," alisema. "Sasa wapo wale watoto mbele yangu, wananisikiliza. Hawana mjomba, Vania. Nikisimama pale niseme nililetwa uwanjani na mjomba, kesho kila mmoja atakwenda kutafuta mjomba. Na asiyempata atakaa nyumbani."

"Kwa hiyo utasema nini?"

"Sijui," akasema, akavuta shuka mpaka kidevuni. Mwanamke aliyepiga penalti mbele ya uwanja uliojaa. "Kweli sijui."

Jumapili mji ulihamia uwanjani. Bendi ya akordioni ilipiga, watoto wamevaa kofia za majani kwa ajili ya sikukuu, na jukwaa jipya lilikuwa limefunikwa kitambaa. Wasichana wa Sobrinha walikaa safu ya mbele na jezi zao zilizofifia, njumu zimefungwa shingoni kwa kamba, maana aliwaambia wazibebe, sijui kwa nini. Maveterani walikuwa wameshawasha jiko lao pembeni. Mimi nilijisukuma mpaka mbele kabisa. Kama kuna kitu kitasemwa, hakitanipita.

Kitambaa kikavutwa. JUKWAA LA SOBRINHA. Makofi. Mzee Genival akazungumza, akazungumza, akazungumza, kisha akampa kipaza sauti na kusimama karibu naye, kifua mbele, kama bwana harusi anayengoja kiapo.

Sobrinha alikishika kwa mikono miwili.

"Watu wa Serra do Umbu," akasema. "Tangu nikiwa mtoto mnaniuliza mimi ni mpwa wa nani. Damião, wewe uliniuliza juzi nikinunua ini."

Watu wakacheka.

"Leo najibu. Jina hili nilipewa na Mzee Genival. Nilipewa hapa hapa, siku ya chekecheke, pale penye ile duara ya katikati. Huo ni ukweli, naapa kwa kaburi la mama yangu."

Makofi yakapasuka. Nikasema basi, amesalimu amri, na sikuweza kumlaumu. Mzee alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Lakini mimi nilikuwa mdogo," Sobrinha akaendelea. "Maneno yake yenyewe ayaseme mwenyewe. Mzee, waambie. Msichana amesimama katikati ya wavulana. Wewe ulisemaje?"

Akampa kipaza sauti.

Ulimi hauna mfupa, na wa mgombea hauna hata ufizi. Mzee Genival alikipokea kama mtu aliyeletewa keki. Akamshika Sobrinha bega, akanyoosha mkono mwingine juu.

"Nilimshika bega hivi!" akanguruma. "Wavulana wananung'unika, makocha wengine wananicheka! Nikawaambia: huyu ni sobrinha! Msichana huyu atacheza kwenye majani haya! Na msichana yeyote anayetaka mpira, uwanja huu ni wake! Na asiyetaka, aje kwangu mimi, Genival!"

Uwanja ukalipuka. Kofia zikaruka, akordioni ikaanza yenyewe. Sobrinha alichukua kipaza sauti polepole, akangoja mpaka kelele zikatulia.

"Mmesikia," alisema. "Mimi nisingeweza kusema vizuri kuliko hapo. Msichana yeyote, uwanja ni wake. Asiyetaka aende kwa Mzee." Akageukia safu ya mbele. "Mabinti, vaeni njumu. Tunaanza leo, na Jumamosi tunaendelea."

Wakaruka uzio, wote kwa pamoja, wengine na njumu mguu mmoja. Maveterani wakamtazama mwenyekiti wao na mishikaki mkononi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mzee yule alikuwa amevua mpaka soksi mbele ya wapiga kura wote. Halafu akaanza kupiga makofi, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na mwisho alikuwa anawaeleza waliokuwa jirani kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Sobrinha alipita mbele yangu akielekea majanini.

"Hukusema mjomba," nilimnong'oneza.

"Sikusema," akajibu, na alikuwa anacheka kama siku ile ya uzio.

Hadithi ningeiishia hapo kama ningekuwa mtu wa kujizuia. Lakini Jumamosi iliyofuata niliacha mteja na rola kichwani nikavuka barabara kwenda kutazama. Mzee Genival alikuwa ameegemea uzio karibu na goli, kofia usoni, anafurahi. Nikasimama kando yake. Wasichana walikuwa wanagawana timu. Manahodha wawili walitoa vidole, shufwa au witiri, wakaanza kuchagua: wewe njoo kwangu, wewe kwangu. Walikuwa wengi kuliko walivyokuwa machinjioni. Wakaisha wote, akabaki mmoja, mtoto mwembamba wa miwani, amejishika mikono, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Sobrinha!" akaita Sobrinha mwenyewe kutoka katikati, kwa furaha, kama anaita jina la bahati. "Leo Sobrinha ni nani? Wewe? Njoo. Mpira unaanza na wewe, na timu unachagua mwenyewe."

Yule mtoto aliinua uso. Alikwenda mbio, miwani ikimrukaruka, na wenzake wakampigia kelele kila upande wakimtaka aje kwao. Hapo nikaelewa kuwa hiyo ndiyo sheria yao, na ni ya siku nyingi.

Mzee Genival alikunja uso.

"Vania," akasema. "Kwani yule mtoto naye ni mpwa wake?"

Jamani, sijawahi kuteswa vile. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini niliapa, na mume wa pili bado namhitaji.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Ni aliyebaki tu."

"Aliyebaki," akasema. "Sobrinha." Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chakula alichowahi kukila mahali. "Aliyebaki. Ikiwa witiri..."

Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye uzio. Hakuuinua yeye, naapa, ulikwenda wenyewe. Ukapunga hewani kwa mgongo wa vidole, mara mbili, kama wa kufukuza inzi sahanini.

Akautazama. Aliutazama mkono ule muda mrefu, kana kwamba mtu kampa aushike. Rangi ikamtoka usoni. Nilikuwa nimengoja tangu Jumamosi ile ya saluni kumwona akiumbuka, na alipoumbuka sikufurahi hata kidogo. Nilimwonea huruma yule mzee, na nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Wakati huo mpira ukapita juu ya goli, ukadunda, ukaja kusimama kwenye nyasi ndefu karibu nasi. Wasichana walikuwa mbali.

"Mzee!" mmoja akapaza sauti. "Mpira!"

Mzee Genival alivua kofia akanipa. Akainama akapita chini ya bomba la uzio, mkono kiunoni, mgongo unamlia. Akauokota mpira nyuma ya goli, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe, akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mstari. Sobrinha alikuwa amekuja kuuchukua. Walisimama pale wakitazamana.

Sobrinha akaupokea.

"Asante, mjomba," akasema.

Mzee alirudi nyuma ya goli akasimama pale pale, kichwa wazi juani, akingoja mpira mwingine.